Kidole Kimebonyeza, Picha Haijapigwa

Nina picha moja ya bibi yangu mzaa mama, iliyopigwa Tanga mwaka 2005. Amekaa mkekani barazani, kanga kaifunga vizuri kichwani, mdomo kaufumba, macho kayaelekeza kwenye lenzi kama mtu wa picha ya pasipoti. Kila anayeiona husema ni picha nzuri. Mimi siwezi kuitazama bila uchungu, maana siyo niliyoipiga. Niliyoipiga ni nyingine. Kitukuu wake wa miaka miwili alikuwa ameivuta ile kanga ikamwangukia begani, naye akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyesahau kwamba kuna kamera. Nilikuwa tayari. Kamera ilikuwa imeelekea kwake, kidole kilikuwa juu ya kitufe, nami nilibonyeza kanga ikiwa bado begani. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, taa ndogo ikawaka, kisha ndipo kamera ikalia. Bibi alikuwa ameshaiokota kanga, ameshajitanda, ameshajiweka sawa. Mwaka uliofuata alifariki, na kicheko kile hakipo popote isipokuwa kichwani mwangu.

Naanza na bibi yangu kwa sababu kila ninapolitaja jambo hili la kamera kuchelewa, huambiwa limepitwa na wakati. Wauzaji, wapiga picha wenzangu, hata vijana wanaowafundisha wengine kazi hii, wana kauli moja: kuchelewa kwa shata ni ugonjwa wa kamera za zamani, siku hizi zote zina kasi, wewe angalia megapikseli, lenzi na bei. Ukishikilia kwamba kamera yako inachelewa, kauli inageuka: basi kosa ni lako, hujui kuwahi. Nazikataa kauli zote mbili. Zinawapotezea watu wetu fedha, na zinawapotezea kitu ambacho fedha haikirudishi. Kwa mtu anayepiga picha za watu walio hai, muda unaopita kati ya kidole na picha ndiyo sifa ya kwanza ya kuulizia dukani. Megapikseli zisubiri zamu yake.

Tuone kwanza kinachotokea humo ndani, kwa sababu wengi wanaolipuuza jambo hili hawajapata kuelezwa. Kwenye kamera za mkono za enzi ya filamu, kidole kilisukuma chuma, na chuma kikaachia pazia, yaani shata. Kwenye kamera ya dijitali kidole hakifungui chochote. Kinatuma ombi. Kamera ikilipokea inapima mwanga, inakadiria rangi ya mwanga huo, inatafuta fokasi, na ikiona giza inawasha taa ya kuisaidia kutafuta. Kama flashi imewashwa, inatupa kwanza mwako mdogo wa kupimia kabla ya mwako wenyewe, na ukiwa umechagua ile namna ya kuzuia macho mekundu, mimweko inaendelea kwa muda mrefu kiasi kwamba watu huacha kutabasamu wakidhani picha imeshapigwa. Halafu kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga, ambacho muda wote kilikuwa kinakuonyesha taswira kwenye skrini, hufutwa ili kianze upya. Kwenye kamera zenye kioo cha ndani, kioo lazima kiinuke. Kwenye zile zisizo na kioo, pazia lililokuwa wazi ili wewe uone lazima kwanza lifungwe, ndipo lifunguliwe kwa ajili ya picha, labda kama imejengwa ianze kwa umeme bila kulifunga.

Kinachokula muda kuliko vyote ni fokasi. Kuna njia mbili kubwa. Katika ya kwanza, kamera hukitazama kitu kupitia pande mbili za lenzi, na kutokana na tofauti ya taswira hizo mbili inajua mara moja lenzi isogee upande gani na kiasi gani. Katika ya pili, lenzi husogezwa kidogo kidogo huku kamera ikipima ukali wa kingo za kitu. Ukali unapanda, unapanda, halafu unaanza kushuka. Hapo ndipo kamera inapojua kuwa imekipita kilele, nayo inarudi. Haiwezi kukijua kilele kabla ya kukivuka. Kamera ndogo za miaka ya 2000 karibu zote zilikuwa za njia hii ya pili, ndiyo maana kuchelewa nusu sekunde, hata sekunde nzima, kulikuwa jambo la kawaida kwazo. Kamera niliyompigia bibi yangu ilikuwa ya jamii hiyo. Mwaka 2010 Fujifilm walitoa F300EXR, kamera ndogo iliyoiweka njia ya kwanza juu ya kihisi chenyewe, na watengenezaji wengine wakafuata mkondo huo. Hayo ni maendeleo ya kweli na siyakatai.

Ninachokataa ni hitimisho linalovutwa kutoka hapo. Njia zote mbili zinataka kingo na zinataka mwanga. Kamera iliyonasa fokasi kufumba na kufumbua chini ya taa nyeupe za dukani, ipeleke ukumbini saa tatu usiku. Mbele yako kuna shehe wa kanzu nyeupe aliyesimama mbele ya ukuta mweupe. Kuna bwana harusi wa suti nyeusi aliyekaa kwenye kiti cheusi. Taa za mtu wa muziki zinageuka kutoka bluu kwenda nyekundu kila baada ya mapigo mawili. Kamera ile ile inaanza kuyumba, lenzi inakwenda na kurudi, na wewe unayalipia hayo kwa nyuso za watu. Kasi anayoisifia muuzaji ni kasi ya mchana, na harusi zetu nyingi zinafungwa au kusherehekewa usiku.

Watu husikia "nusu sekunde" na kuona ni kitu kidogo. Tuhesabu. David Rudisha alipovunja rekodi ya dunia ya mita 800 pale London mwaka 2012, kwa dakika 1 na sekunde 40.91, alikuwa akila karibu mita nane kila sekunde. Nusu sekunde kwake ni mita nne. Ukibonyeza kifua chake kinapougusa mstari, kamera yenye nusu sekunde inakupa mgongo. Gari la Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudishwa kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, likipita mbele yako kwa kilomita 120 kwa saa linakwenda zaidi ya mita 33 kila sekunde. Nusu sekunde ni mita 16 na ushee, na unabaki na vumbi.

Lakini mifano hii ya mbio inanipunguzia nguvu ya hoja, maana msomaji atasema yeye hapigi magari wala wanariadha. Anapiga watoto wake. Basi na atazame uso wa mtoto. Kupepesa jicho huchukua sehemu moja hadi nne hivi za kumi za sekunde. Mshangao wa mtu anayefunuliwa zawadi hudumu chini ya sekunde moja, kisha adabu inaufunika. Baba anayemkabidhi binti yake hufika ukingoni mwa machozi, mdomo ukamchezacheza, halafu anajikaza kwa sababu ukoo mzima unamtazama. Hakuna gari linalokimbia kuliko uso wa binadamu anayekaribia kujikaza. Na uso huo hautarudia. Mwanariadha atakimbia tena msimu ujao, baba yule hatamwoza binti yule mara ya pili ili mpiga picha apate nafasi nyingine.

Sasa nirudi kwa wale wanaosema tatizo limekwisha. Nawauliza: kama limekwisha, mbona watengenezaji wenyewe hawajaacha kulishughulikia? Casio walitoa EX-F1 mwaka 2008, kamera inayoanza kuhifadhi picha kabla hujabonyeza hadi mwisho, ili ukishabonyeza uweze kurudi nyuma ukachukue ile uliyoikosa. Olympus wakaja mwaka 2016 na E-M1 Mark II, ambayo ukishikilia kitufe nusu huweka hadi picha 14 za nyuma tayari. Sony mwishoni mwa 2023 wakatangaza a9 III, yenye kihisi kinachosoma picha nzima kwa mkupuo mmoja, nayo pia ina uwezo huo wa kuhifadhi yaliyotangulia kidole. Ilipotoka bei yake ilikuwa kama dola 6,000 kwa mwili peke yake, bila lenzi. Ni kweli kwamba uwezo huu unatibu pia uzito wa kidole cha mtu, siyo wa kamera pekee. Hata hivyo hakuna kiwanda kinachotumia miaka na fedha kutibu ugonjwa uliokwisha, wala mteja anayelipa dola 6,000 kwa dawa ya maradhi ya kale.

Kuna ushahidi mwingine, mkavu lakini mzito. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango namba 15781. Kazi yake ni kueleza jinsi ya kupima muda wa kuchelewa kwa kamera za dijitali: kutoka kubonyeza hadi picha, pamoja na fokasi na bila fokasi, muda wa kuwaka, na kasi ya kupiga mfululizo. Yaani wataalamu walikaa, wakakubaliana namna ya kupima, wakaandika. Kipimo kipo. Lakini mimi, katika miaka yangu yote ya kuingia na kutoka madukani, sijaliona boksi hata moja lililochapisha nambari hiyo mbele pamoja na zile megapikseli. Mnunuzi anaonyeshwa 24 kwa herufi kubwa kama kitambulisho cha ubora, na hakuna anayemwambia kwamba hizo 24 ni ukubwa wa picha atakayoipata baada ya tukio kupita.

Tena tukumbuke ni kamera zipi hasa zinazotufikia. Zile za dola 6,000 zipo mikononi mwa wachache. Kijana wa Mwanza, Morogoro au Kisumu anayeanza kazi hii hununua iliyotumika: kamera ya kioo ya daraja la chini yenye umri wa miaka kumi au zaidi, au ile ndogo ya mfukoni iliyokuja kwenye mzigo kutoka ng'ambo. Kumwambia huyo kwamba "siku hizi kamera zote zina kasi" ni kumzungumzia kamera ambazo hazimo katika soko lake. Kamera aliyoishika mkononi ni ya jana, na maradhi yake ni ya jana, hata kama kwake ni mpya kabisa.

Nifike sasa kwenye kauli inayonikera kuliko zote, kwa sababu inasemwa na watu ninaowaheshimu: kwamba mpiga picha hodari hashindwi na kamera. Mtaje Henri Cartier-Bresson, wanasema. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, alimnasa mtu akiruka juu ya dimbwi, kisigino kikiwa hakijagusa maji. Hakuwa na fokasi ya kompyuta, hakuwa na kupiga mfululizo. Alikuwa na jicho na subira. Kwa hiyo, wanasema, jifunze kuwahi.

Nalichukua jina hilo hilo kuwajibu. Cartier-Bresson alitumia Leica ya mkono. Fokasi aliiweka mwenyewe kabla. Mwanga aliukadiria mwenyewe kabla. Kilichobaki kwa kidole ni kuachia pazia la nguo, na pazia lilitii pale pale, na kila siku lilitii vile vile. Jicho lake lilikuwa hodari kwa sababu chombo kilichokuwa mbele yake hakikuwa na maoni yake. Mpe kamera yangu ya Tanga, mtu yule angekuwa ameshatua, na maji yameshamrukia miguuni. Kumtaja bingwa huyu ili kuitetea kamera inayochelewa ni kuichukua sifa ya chombo chepesi na kukivika chombo kizito.

Na hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu, nami naomba nikae hapa kidogo. Kuwahi kunawezekana tu pale ambapo unachokiwahi kina mwendo mmoja. Watazame watoto wanaoruka kamba. Anayetaka kuingia husimama pembeni, mwili ukimchezacheza, anaihesabu kamba, halafu anaingia bila kuguswa. Anaweza kwa sababu wanaozungusha hawabadilishi mwendo. Ongeza kasi, bado ataingia baada ya kusikiliza mara mbili tatu. Punguza, ataingia. Lakini mwambie mzungushaji aiharakishe mara hii, aicheleweshe mara ijayo, asimamishe kidogo mara ya tatu, na hata mtoto hodari kuliko wote mtaani atapigwa na kamba miguuni.

Kamera inayochelewa sehemu ya kumi ya sekunde, kila mara sehemu ya kumi, hujifunzika. Baada ya wiki mbili kidole chako kitakuwa kinabonyeza mapema bila wewe kukituma. Nimewahi kuwa na kamera ya namna hiyo na nikaipenda. Inayoangamiza ni ile inayochelewa sehemu ya kumi mtu akiwa dirishani, nusu sekunde akiwa kivulini, sekunde nzima akivaa nguo isiyo na mistari, na isiyolia kabisa akisimama mbele ya taa. Hakuna uhodari wa binadamu unaoweza kukiwahi kitu kisicho na mwendo. Kwa hiyo anayemwambia kijana "jifunze kuwahi" huku akimwachia anunue kamera ya aina hii, anamtaka aruke kamba inayozungushwa na mtu anayebadili mwendo kila mara, kisha anamlaumu kwa miguu yake.

Kuna hoja ya kisomi zaidi inayokwenda na hiyo. Inasema kwamba macho na kidole cha mtu wa kawaida huhitaji kati ya sehemu ya tano na robo ya sekunde kuona na kutenda, kwa hiyo sehemu ya kumi ya kamera imemezwa humo, haihesabiki. Hesabu hiyo ina kosa. Kuchelewa kwa kamera hakujifichi ndani ya kuchelewa kwa mtu, kunaongezeka juu yake. Kamera inaanza kuchelewa pale mtu anapomaliza. Zaidi ya hayo, kuchelewa kwa mtu kunaweza kuondolewa kwa kulijua tukio: anayeijua ngoma hangoji kuona mguu ukishuka ndipo abonyeze, anaijua mipigo. Fedha ya sherehe haitupwi hewani ghafla, mkono huinuka kwanza. Sehemu ya mtu inafundishika. Sehemu ya kamera umeinunua, na utakaa nayo.

Wengine watanikumbusha kubonyeza nusu. Naam. Ukikibonyeza kitufe nusu, kamera inapima na kufokasi, inasubiri, na ukimalizia kubonyeza inabakiwa na kazi ndogo. Kwenye kamera nyingi nzuri za kioo kinachobaki ni kama milisekunde 40 hadi 100. Ni mbinu ya kweli na kila mwenye kamera anapaswa kuijua. Ndivyo nilivyopiga makumi ya harusi. Lakini kubonyeza nusu kunakutaka ujue mapema tukio litatokea kwa umbali gani. Bi harusi anayepanda ngazi anakuja kwako, fokasi uliyoishika imeshakuwa ya nyuma yake. Mtoto hatulii. Na hata bila hayo, mbinu hii ni ushahidi wangu mimi: kamera isingekuwa inachelewa, isingehitaji kuamshwa kabla.

Kuhusu kupiga mfululizo sitasema mengi. Kamera ya picha kumi kwa sekunde inaacha pengo la sehemu ya kumi kati ya picha na picha. Mpira uliopigwa kwa kilomita 100 kwa saa unasafiri karibu mita tatu ndani ya pengo hilo, kwa hiyo unaweza kupata picha kumi na mguu usigusane na mpira katika hata moja. Na ule mfululizo wenyewe hauanzi kabla kamera haijamaliza kuchelewa kwake kwa kwanza. Kuhusu kadi ya memori yenye kasi, ambayo wauzaji huiuza kama tiba, ni kuchanganya mambo mawili. Kadi hupokea picha iliyokwisha kupigwa. Inaweza kukusaidia usisubiri kabla ya picha ya pili na ya ishirini. Ile ya kwanza haiiharakishi hata kidogo.

Simu inastahili jibu pana kidogo, kwa kuwa wengi wanaamini imelimaliza jambo hili. Mchana, imelimaliza kwa sehemu kubwa, na kwa ujanja ninaouheshimu. Simu nzuri zinapiga muda wote programu ya kamera ikiwa wazi, zinaziweka picha hizo kwenye kumbukumbu ya muda, na ukigusa kitufe zinachukua iliyopigwa wakati ule ule wa kugusa. Live Photos za iPhone, tangu mwaka 2015, huhifadhi sekunde moja na nusu ya kabla na moja na nusu ya baada. Lakini jua likizama, deni linarudi. Night Sight ya Google, iliyotoka mwaka 2018, hukusanya mwanga wake baada ya kidole kugusa, na kazi hiyo inaweza kuchukua sekunde kadhaa huku ukiambiwa utulie. Kwa mtu aliyekaa kimya, matokeo ni ya ajabu. Kwa harusi ya usiku, kwa mtoto anayekimbia na fataki uani siku ya Idi, ni kuchelewa kule kule kwa mwaka 2005, kumebadilishwa jina.

Kwa hiyo afanye nini mwenye kununua? Apime mwenyewe, kwa kidole chake, kabla ya kutoa fedha. Fungua saa ya kuhesabia kwenye simu, ile inayoonyesha sehemu za mia za sekunde. Iweke mbele ya kamera na uihesabu kwa mdomo ili uingie kwenye mwendo wake: saba, nane, tisa. Bonyeza kumi inapofika. Tazama picha imeandika ngapi. Rudia mara kumi bila kubonyeza nusu, halafu mara kumi ukibonyeza nusu, halafu uwashe flashi, halafu uende kwenye kona ya duka yenye giza. Usiitazame nambari ndogo kuliko zote, hiyo ndiyo muuzaji atakayokuonyesha. Tazama umbali kati ya ndogo na kubwa. Kamera inayoandika 10.12, 10.11, 10.13 ni bora mara nyingi kuliko inayoandika 10.06, 10.48, 10.20, hata kama hii ya pili ilikuwa ya kwanza kwa kasi mara moja. Muuzaji akikuzuia kufanya hivyo, usimlipe.

Mwaka juzi nilimsindikiza mpwa wangu Kariakoo, naye alikuwa na laki nane alizodunduliza kwa kupika vitafunwa vya shule. Anataka kupiga picha za michezo ya watoto. Mwenye duka alimwekea mezani kamera ndogo ya megapikseli 20, inang'aa, na pembeni yake kamera ya kioo yenye megapikseli 12, mpira wa kushikia umeanza kubanduka. "Dada, hii ya kwanza ni mpya kabisa, na kamera za siku hizi zote zina kasi," alisema. Mpwa wangu akanitazama. Nikamwambia asimame ndani, ageukie mlangoni, na kila bajaji inapopita abonyeze pale gurudumu la mbele linapofika katikati ya mlango.

Alipiga kumi kwa kila kamera. Ile mpya ilimpa bajaji mbili zilizokatwa mkia, tatu zilizobaki nyuma tu, na milango mitano mitupu yenye jua na mtu wa mahindi upande wa pili wa barabara. Ile ya megapikseli 12 ilimpa kumi, na katika zote kumi gurudumu la mbele lilikuwa limepita kidogo katikati ya mlango, kama shubiri moja, mahali pale pale.

"Mjomba," akasema, "hii inachelewa pia."

"Inachelewa."

Akairudisha jichoni, akangoja, akabonyeza mapema kidogo. Gurudumu likakaa katikati.